Shaba Kwenye Ncha ya Upinde

Kabla hujaugusa upinde wake, ilikubidi uonyeshe mikono. Kwanza viganja, halafu unageuza upande wa pili, kama watoto wa shule wanaokaguliwa kucha. Tulikuwa watu wazima, wengine tuna wajukuu, tumepanga mstari kwenye uwanja wa nyasi nyuma ya nyumba za reli, na yeye anapita mbele yetu taratibu, mikono yake mwenyewe iko mgongoni, ananusa. Akisikia harufu ya samaki au ya mawese anamrudisha mtu kwenye ndoo ya maji. "Sabuni," anasema, kisha anaendelea na anayefuata.

Tulimwita Prezida. Jina analo, na ukoo anao, na anayeutaka ukoo huo akawaulize ndugu zake, watamweleza mpaka ajute. Mimi nilimjua kama jirani wa upande wa pili wa ua, mzee wa reli aliyestaafu, na mkuu wa klabu ya upinde ya Kamina. Klabu hiyo ilikuwa na upinde mmoja.

Upinde wenyewe ulitoka Base, kambi ya jeshi iliyo nje ya mji. Wageni fulani waliokuja kufundisha askari waliondoka wakaacha vitu vyao: viti vya plastiki, mashine ya kukatia nyasi iliyokwisha kufa, na upinde wa michezo pamoja na pakiti ya kamba za akiba. Viti viligombaniwa. Mashine mbovu nayo iligombaniwa. Upinde hakuna aliyeutaka, Prezida akaubeba nyumbani, na Jumapili iliyofuata akatangaza baada ya ibada kwamba klabu imeundwa na mkuu wake amepatikana.

Haukuwa upinde wa wawindaji wetu, ule wa mti mmoja ulionyooka. Huu ncha zake mbili zilijipinda kwenda mbele, kama midomo ya mtu aliyenuna. Kamba yake, ambayo wenye Kiswahili cha vitabu huiita upote, ilikuwa ya nyuzi nyingi nyembamba zilizosokotwa pamoja, na kila mwisho una kitanzi kinachokaa ndani ya mkato mdogo kwenye ncha. Mzee alipoiona kamba ile moyo wake ulinasa hapo hapo. Upinde aliupenda, mishale aliivumilia, lakini kamba aliioa.

"Kamba haichokake," alituambia kila Jumamosi. "Bantu njo banaichokeshaka." Yaani watu ndio huichosha.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mzee aliijua kamba. Miaka yake ya reli aliimaliza kwenye waya za ishara, zile zinazovutwa ili treni ijue kama njia iko wazi, na alikuwa na sikio la vitu vilivyokazwa. Aliigusa kamba kwa kidole, akaisikiliza, akasema imelegea, na kweli ilikuwa imelegea. Aliipaka nta ya nyuki aliyonunua kwa wauza asali wanaotoka Kabondo-Dianda, akaisugua kwa vidole mpaka ikapata joto na nta ikaingia ndani ya nyuzi, kisha akafuta iliyobaki nje, maana nta ya juu juu inakamata vumbi na vumbi ni msasa. Mtu mmoja alipomletea mshumaa, akidhani nta ni nta, alimtazama kwa huruma. "Mushumaa ni ya matanga," akamwambia. "Kamba yetu haiyakufa."

Hakuacha upinde juani hata kwa muda wa kunywa maji. Mazoezi yakiisha aliivua kamba na kuiviringa ndani ya kopo la maziwa ya unga, upinde ukapumzika ukutani. Wakati wa kuifunga tena, hakuna aliyeruhusiwa kuukunjia upinde gotini, kwa sababu ncha hujinyonga na kamba hukaa upande. Mimi ni fundi cherehani, basi akaniagiza nimshonee ukanda mrefu wenye vifuko viwili vya kuvisha ncha. Unaukanyaga ukanda, unauinua upinde kwa mpini, nao unajikunja sawasawa na kamba inaingia mahali pake kwa upole. Mkia wa mshale uliobana mno aliuchonga kidogo, usije ukaikwangua kamba katikati. Pale katikati pakianza kuota manyoya, alikuja kwenye kibanda changu, akachagua uzi, akakaa kuuzungushia mwenyewe, akinieleza kazi yangu.

Na dhambi kubwa kuliko zote ilikuwa kuuachia upinde bila mshale. "Nguvu ya mushale inaenda na mushale," alisema. "Kama mushale hakuna, nguvu inarudia kamba. Ni sawa treni bila freni, inasimama fasi yenye inapenda." Kamanda mmoja wa Base alikuja siku moja kututembelea, miwani myeusi, walinzi nyuma. Akauchukua upinde, akauvuta mtupu kwa ajili ya picha, na vidole vikaanza kulegea. Prezida aliruka. Nasema aliruka, mzee yule mwenye goti bovu, akaishika kamba kwa mikono miwili mbele ya kifua cha kamanda.

"Mon commandant, unaweza kunifunga. Lakini hii hapana."

Sote tulitafuta kwa macho njia ya kukimbilia. Kamanda alicheka, akaomba mshale, akaupeleka kwenye migomba ya jirani. Siku ile nilimpenda mzee, na napenda msomaji alikumbuke hilo, maana sasa nakuja kwenye mengine.

Mtu huyu aliyeitunza kamba moja kwa nta na sabuni hakuwa na kingine alichokitunza. Suruali yake ilishikwa na kipande cha katani. Baiskeli yake haijaonja mafuta tangu inunuliwe, na ililia kiasi kwamba mtaa mzima ulijua Prezida yuko wapi. Waliodaiwa faini ya utoro wa mazoezi waliisikia kutoka mbali wakaingia ndani. Paa lake lilivuja juu ya kitanda, akahamisha kitanda. Nilipomshauri apande akazibe, alisema kila kitu kina zamu yake, na zamu ya paa haijafika.

Sasa shaba. Siku ya kuufungua rasmi uwanja wetu, yaani siku tuliposhindilia nyasi kavu kwenye gunia na kuliita shabaha, Prezida alifika amechelewa kwa makusudi. Ameuinua upinde juu, na ncha yake ya juu inang'aa. Alikuwa ameizungushia waya wa shaba, mzingo juu ya mzingo, uliosuguliwa kwa majivu na ndimu mpaka ukatoa macho. Waya ulitoka kwenye laini ya zamani ya simu ya reli. Alisema alipewa, hatukuuliza na nani.

"Kwetu Baluba, upinde njo ufalme," akahutubia. "Na upinde ya mukubwa inavalaka shaba. Upinde bila shaba ni fimbo ya kuchunga mbuzi."

Tulipiga makofi. Ilipendeza kweli. Wapita njia walisimama kuitazama, na mtoto wa shemasi akaomba kuipiga picha. Mzingo wa mwisho wa waya, kwa kuwa haukupata pa kwenda, aliuchomeka ndani ya ule mkato mdogo ambamo kitanzi cha kamba hukaa.

Kamba ya kwanza ilikatika kabla mvua hazijaanza. Ya pili haikufikia Krismasi. Zote mbili zilikatikia pale pale, kwenye kitanzi cha juu, nyuzi zimenyolewa kana kwamba panya amefanya kazi. Prezida aliitisha mkutano. Alizungumzia vumbi la kiangazi. Alizungumzia jua. Alimzungumzia mtu aliyesemekana kuegemeza upinde kwenye ukuta mbichi. Muumini mmoja akakumbusha kwamba kuna watu hawafurahii maendeleo ya wengine, na wanajulikana wanakokwenda kupiga magoti. Kila mtu alitaja kitu, na kila mtu alipotaja alitazama chini, kwa sababu upinde ulikuwa umelazwa mezani katikati yetu na shaba ilikuwa inatung'alia usoni.

Nikasema mimi. Mke wangu anasema mdomo wangu hauna pindo. Nikasema, "Papa Prezida, labda tuangalie ile shaba."

Prezida alinishukuru kwa mchango wangu, na Jumamosi iliyofuata nikakuta nimepewa wadhifa mpya wa mwokota mishale. Mwokota mishale anasimama mbali kule kwenye gunia, hasikii mikutano, na kwa mujibu wa kanuni iliyotungwa wiki ile, hana kura.

Kura ilikuja kuhitajika kwa sababu ya mama mmoja wa Base. Alikuwa mke wa sajini, mtu wa mkoa wa Équateur, aliyekaanga vitumbua mbele ya nyumba za askari. Kila Jumamosi alidandia lori la jeshi linalokuja mjini, mwendo wa barabara mbovu, akafika na vumbi mpaka kwenye nyusi, akaenda kunawa bila kuambiwa. Kuupiga unga kwa mikono kila alfajiri kulikuwa kumempa bega. Sisi wengine tuliuvuta upinde tukitetemeka. Yeye aliuvuta kama anayefungua kabati, akatulia, akaachia, na mshale ukaingia kwenye duara la mkaa tulilochora kwenye gunia. Mimi niliyeiokota mishale najua: ya wengine niliitafuta kwenye majani, ya kwake niliing'oa mahali pamoja.

Mwaka ule kukawa na mchujo wa wapiga upinde Lubumbashi. Atakayefanya vizuri angechukuliwa kufanya mazoezi na timu ya huko, na wote tulijua ni nani wa kupelekwa. Yeye mwenyewe alijua. Alikwisha kumwachia dada yake biashara, akashonesha kwangu kaptula ya michezo na juu yake sketi, ili mumewe asiwe na la kusema. Sikuwahi kumwona mteja aliyefurahia hivyo vazi la kitambaa cha mashuka.

Wiki ya mwisho ya mazoezi kamba ikakatika tena, mkononi mwake. Kitanzi cha juu.

Haya yaliyofuata niliyasikia vizuri, kwa sababu safari hii walipiga kelele mpaka kwenye gunia. Prezida alisema amefanya uchunguzi. Alisema kuna mtu katikati yetu ambaye kazi yake ni mafuta ya moto, na mafuta ni adui wa nta.

"Papa Prezida," yule mama akasema, "mikono yangu inashika kamba huku katikati. Inakatika kule juu. Mafuta yangu inafika kule juu namna gani?"

"Mafuta inapandaka," Prezida akajibu. "Hauyaona utambi ya taa? Inapanda yenyewe."

"Na nimenawa. Wewe mwenyewe ulininusa!"

"Kuna mafuta ya nje, kuna mafuta ya ndani."

Hapo mkutano ulitikisa vichwa kukubali, kana kwamba jambo gumu limeelezwa hatimaye. Wakapiga kura. Wakainua mikono yao, ile ile misafi iliyokaguliwa, na yule mama akafukuzwa kwa kuchokesha kamba. Alikunja ukanda wa kufungia upinde, akauweka mezani vizuri, akasema, "Asante ba Papa," na akaenda kusubiri lori kwenye jua. Mpaka leo nikikumbuka alivyoukunja ule ukanda, hasira inanipanda.

Lubumbashi alipelekwa mwalimu mmoja wa mazoezi ya viungo, mtu mwenye sare nzuri. Prezida alimsindikiza, upinde magotini safari nzima, treni ikilala kila stesheni kama mgonjwa. Kamba mpya haikumaliza asubuhi. Ilikatika juu, mikononi mwa mtu ambaye hajawahi kukaanga hata yai. Waliporudi tulikuwa kwenye jukwaa la stesheni tukingoja habari, na yule mama naye alikuwepo, na beseni lake la vitumbua, kwa kuwa siku ya treni ni siku ya soko. Tukamuuliza Prezida imekuwaje.

"Hewa ya Lubumbashi iko na asidi," akasema, akapita.

Yule mama alisikia. Nilitamani acheke, ningecheka naye. Alifunika beseni kwa kitambaa akaendelea na abiria wa behewa la nyuma.

Baada ya hapo klabu ilikufa kifo cha kawaida cha vitu vyetu: haikufungwa, ila hakuna aliyekwenda. Kamba ilibaki moja kwenye pakiti, Prezida akaifungia ndani ya kopo. Kwa muda mrefu nilikuwa nikiona shaba ikimeta dirishani kwake, na baiskeli ikasikika mara chache zaidi, kadiri goti lilivyozidi kuuma. Tulisalimiana juu ya ua. Sikumtembelea.

Mwaka huu, mvua zilipokwisha, akaniita.

"Jirani, kuya."

Nilimkuta uani amekanyaga ule ukanda wangu, anajaribu kuuinua upinde. Nilimsaidia, kamba ikaingia mahali pake, na ndipo nikaona ncha ya juu iko uchi. Palibaki alama ya kijani tu kwenye rangi.

"Shaba iko wapi?"

"Nilitoa. Toka mvua ilianza. Mvua yote nilikuwa napiga na hii kamba, minyi peke yangu, huku nyuma ya nyumba. Angalia."

Nikakitazama kitanzi cha juu. Hakikuwa na uzi hata mmoja uliokatika. Nilipitisha kidole ndani ya mkato, nao ulikuwa laini kama shavu.

"Papa Prezida, ulijua?"

Alikaa kwenye kiti, akalinyoosha goti. "Toka kamba ya pili. Nilipitisha kidole sawa weye, shaba ikanikata. Damu ikatoka."

Mimi si mtu wa kumpigia kelele mzee. Siku ile nilipiga. Nilimuuliza kama alikuwa na damu kidoleni siku anahubiri habari za utambi wa taa. Nilimuuliza mafuta ya ndani ni mafuta gani. Mke wangu akachungulia juu ya ua, akarudi. Mzee aliningoja nimalize.

"Kwa reli nilikuwa na kofia," akasema. "Bantu banaona kofia, banasimama. Siku nilirudisha kofia, minyi nikakuwa muzee mwenye baisikeli ya kelele. Ile shaba, bantu balikuwa banaisimamia. Ningeitoa, bangeniita nani?"

"Wangekuita Papa."

"Papa njo kila muntu."

Nilimhurumia. Hasira haikuondoka kwa sababu hiyo. Vyote viwili nilikuwa navyo, na sikujua nikiweke wapi kimoja ili nishike kingine. Akaniambia kuna mchujo tena kiangazi hiki. "Kamba iko moja. Muntu wa kupiga iko moja. Mwambie yule mama akuye."

"Hapana," nikasema. "Huyo si wa kuitwa. Utaenda weye."

Alivaa koti la Jumapili. Tulipanda pikipiki watatu, dereva, yeye, na mimi nyuma nimekumbatia upinde, na barabara ya Base ikatufanya ilivyotaka. Yule mama alikuwa pale pale, mbele ya nyumba za askari, ameinamia karai juu ya mbabula, jiko lake la makaa. Askari kadhaa walikuwa wanangoja vitumbua vyao. Alituona, akageuza kitumbua, akakigeuza tena.

"Mama," Prezida akaanza, kwa sauti ndogo. "Ile kamba..."

"Sikusikia. Sema na ile sauti ya mukutano."

Mzee alinitazama. Mimi nikatazama makaa. Akavuta pumzi, na sauti ikatoka, ile ile ya siku ya kura, wapishi wa nyumba za jirani wakageuka.

"Kamba haikukulwa na mafuta! Ilikulwa na shaba yangu! Minyi nilijua, na nilikufukuza!"

Kisha akatoa mfukoni ule waya, ameuviringa vizuri, akamnyooshea kwa mikono miwili, kama anayetoa mahari. Yule mama aliupokea. Akaupima kwa kuukunja. Akachuchumaa kwenye mbabula, ambayo mkono wake ulikuwa umeng'oka, akauzungushia waya, mzingo juu ya mzingo, akakaza kwa koleo.

"Asante. Ilikuwa inaniunguzaka kila siku," akasema, na sikujua kama anaisema mbabula. Akaipua vitumbua, akakiweka kimoja kwenye kipande cha karatasi, akampa. "Kula, Papa. Umetoka mbali."

Mgeni hakatai. Prezida alikula amesimama, mbele ya askari wote, akakimaliza. Yule mama akafunga vizuri kanga yake kiunoni, akanyoosha bega, akatazama kule mbele kulikokuwa na rundo la magunia ya mchanga. Mzee akang'aa uso. Akanigeukia, akanyoosha mikono auchukue upinde ampe yeye mwenyewe.

"Papa Prezida," yule mama akasema.

"Eh?"

"Mikono."

Aliitazama. Vidole vyote vilikuwa vinameta mafuta. Akaenda kwenye ndoo iliyokuwa ukutani, akanawa, akarudi anatembea kwa lile goti lake, akasimama mbele yake na kuonyesha: kwanza viganja, halafu akageuza upande wa pili. Yule mama aliinama, hakuwa na haraka, akanusa.

"Sabuni," akasema.

Na mzee akarudi kwenye ndoo.